Kabla ya Kibarua cha Kwanza: Ninavyofundisha Haki na Wajibu wa Kazini kwa Kidato cha Tatu na cha Nne

Mtihani wa Kidato cha Nne huisha Novemba. Wiki moja baadaye ukipita Msamvu, hapa Morogoro, utawakuta wanafunzi wangu. Mmoja yuko nyuma ya dirisha la wakala wa fedha, mwingine anabeba sahani kwenye mgahawa wa karibu na stendi, wawili wako Kihonda wanapanga mifuko kiwandani, na mwingine anafagia nywele saluni huku akijifunza kusuka. Watakaochaguliwa kuendelea wataripoti Kidato cha Tano Julai. Waliobaki hawana pa kuripoti tena, na kibarua kile kile cha Novemba ndicho kinachogeuka kuwa maisha yao.

Nafundisha Uraia katika shule ya kata. Kwa miaka mingi nilifundisha haki za binadamu kama zilivyo kitabuni, wanafunzi wakakariri, wakafaulu. Kisha Februari moja binti niliyemfundisha miaka minne akaja ofisini. Alikuwa amefanya kazi kwa wakala tangu Novemba. Mwishoni mwa Desemba floti, yaani fedha ya kuendeshea kazi ya wakala, ikapungua shilingi 80,000. Tajiri akazuia mshahara wa mwezi mzima, akamwambia akibisha atampeleka polisi. Binti akaniuliza, "Madamu, hii ni halali?"

Nikamuuliza maswali ambayo mtu yeyote wa sheria angemuuliza. Ulianza tarehe ngapi? Mlikubaliana shilingi ngapi? Nani alihesabu floti asubuhi ile? Hakuwa na jibu hata moja la uhakika. Jina kamili la tajiri hakulijua. Alimfahamu kwa jina la mwanawe tu, Baba fulani. Na binti huyu alikuwa amepata B ya Uraia. Angekuandikia aina zote za haki bila kupumua.

Nililia siku ile, kwa sababu na mimi yalinipata. Mwaka 2008, kabla sijaenda chuo cha ualimu, niliuza kwenye duka moja kwa wiki saba nikalipwa wiki tatu. Niliambiwa "tutaona kazi yako kwanza", nikaitikia kwa heshima, nikaendelea kusubiri. Sikujua kwamba kuna mahali pa kwenda. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilikwishatungwa tangu 2004 na ilikuwa inatumika.

Tangu Februari ile nimebadili ufundishaji wangu wa mada hii. Siifundishi tena kwa orodha ya haki. Naifundisha kwa karatasi: mwanafunzi aandike, ahesabu, ajaze, atunze. Naeleza hapa ninavyofanya, mwalimu mwenzangu uchukue kitakachokufaa.

Saa, lugha na vifaa

Natumia vipindi sita vya dakika 40, viwili viwili kwa siku, ili mazoezi yasikatwe na kengele. Wakati mzuri nilioupata ni Novemba kwa Kidato cha Tatu, mitihani yao ya mwaka ikishaisha. Kidato cha Nne wana presha ya mock na mtihani wa taifa, kwa hiyo hao nawapa marudio ya saa moja tu katika wiki ya mwisho kabla hawajafunga masanduku.

Fundisha kwa Kiswahili. Najua lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, na sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Lakini mazungumzo na tajiri yatafanyika kwa Kiswahili, tena mbele ya wateja, huku moyo unadunda. Maneno anayoyahitaji mwanafunzi ni yale atakayoweza kuyatamka pale. Mimi naifanya kupitia klabu ya Uraia na saa ya mwalimu wa darasa, na mkuu wangu wa shule ameridhia.

Vifaa ni vichache: nakala ya sheria, Amri ya Mishahara iliyopo sasa, hati ya mshahara ya mfano uliyoitengeneza mwenyewe, nakala za Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi na ambayo wengi tunaiita CMA, na daftari dogo la kuingia mfukoni kwa kila mwanafunzi. Daftari hilo usilipuuze. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvu za kijana nazo ni mali.

Anza na safu iliyo tupu

Usianze na tafsiri ya neno "haki". Uliza nani amewahi kufanya kazi akalipwa au akaahidiwa malipo. Mikono itanyooka karibu yote. Wamepalilia mashamba Mvomero, wameuza maandazi ya jirani, wamekaa dukani kwa mjomba, wamebeba matofali. Chora ubaoni safu nne: kazi gani, nani alikupa, mlikubaliana nini, ulipata nini. Jaza kwa maneno yao wenyewe, bila majina ya watu.

Safu ya tatu haitajaa. Utapata "alisema atanikumbuka", "tulikuwa hatujasema", "alisema nitaona mwenyewe". Nyamaza kidogo, waitazame. Darasa langu la mwaka jana lilikaa kimya hadi kijana mmoja akasema, "Kumbe hatukupatana." Somo zima liko katika sentensi hiyo. Usimlazimishe mtoto kueleza zaidi ya anavyotaka, maana wapo waliofanya kazi kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula, na hilo halihitaji kuanikwa mbele ya wenzake.

Hapo ndipo naingiza umri, kwa sababu wengi wao wana miaka 16 au 17. Sheria yetu inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kumkosesha shule. Chini ya miaka 18 haruhusiwi mgodini, kiwandani, ubaharia, wala kazi yoyote ya hatari, na haruhusiwi kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Wale wanaokwenda Kihonda au kuhudumu baa wakiwa na miaka 17 nawaambia bila kuficha: aliyekuajiri huko amevunja sheria, na anaweza kukutumia huo udogo wako kukunyamazisha. Tafuta duka, saluni, shamba la familia, kazi ya mchana.

Kuandikiana bila kukosa adabu

Hapa nakaa sana, vipindi viwili kamili, kwa sababu ndipo watoto wetu wanapokwama.

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: jina, umri, anuani na jinsi ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, malipo na jinsi yanavyokokotolewa, pamoja na marupurupu. Kama mfanyakazi haelewi yaliyoandikwa, mwajiri anawajibika kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Anayefanya kibarua chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hamo katika kifungu hicho, lakini wanafunzi wetu wa Novemba hadi Julai wamo. Na kuna jambo moja zuri ambalo darasa hushangilia likilisikia: mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Mwanafunzi anaandika maelezo hayo kwa mkono, ukurasa mmoja, kama vile yeye ndiye anayeanza kazi kesho. Nakagua kama ninavyokagua insha. Asiyeandika saa ya kutoka namrudishia karatasi. Kuandika saa ya kuingia bila ya kutoka ni kumpa mtu siku yako yote.

Kuandika kwenyewe si kugumu. Kugumu ni kwenda na karatasi hiyo kwa mtu ambaye ni mama mdogo wako, au jirani aliyekulea, au mzee wa msikitini aliyekutafutia nafasi. Kwetu kumdai mkubwa maandishi kunasikika kama kumwambia humwamini. Mwalimu usiruke hapo kwa kusema "dai haki yako". Mtoto hatadai. Mpe maneno.

Tunafanya igizo. Mmoja ni tajiri, mmoja ni anayeanza kazi. Maneno tuliyoyaboresha mwaka hadi mwaka ni haya:

"Shikamoo mama. Nashukuru umenipokea. Nimeandika hapa uliyonielekeza ili nisije nikasahau: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na malipo tuliyosema. Naomba uniangalizie kama nimeandika sawa."

Angalia kilichoombwa. Hajaombwa kusaini, ameombwa kusahihisha. Mkubwa anayesahihisha karatasi kwa kalamu yake ameshaandika mkataba. Baada ya hapo kumwomba aweke jina na tarehe ni hatua fupi.

Kisha mwambie anayeigiza tajiri awe mkali: "Kama huniamini, katafute kazi kwingine." Wacha darasa litafute jibu. Jibu lililonigusa lilitoka kwa binti mpole asiyenyoosha mkono: "Nakuamini mama, ndiyo maana nimekuja kwako. Naandika nisije mimi nikakukosea."

Na akikataa kabisa? Siwaambii waikatae kazi. Simjui aliye nyumbani anayesubiri unga. Nawaambia watume ujumbe wa simu jioni ile ile: "Shikamoo mama, nimefika salama. Kesho nitakuwa hapo saa 1:30 asubuhi hadi saa 10 jioni kama ulivyosema, kwa 9,000 kwa siku. Asante sana." Akijibu "sawa", ujumbe huo usifutwe. Asipojibu, mwanafunzi aandike kwenye daftari lake tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Kwa uzoefu wangu daftari linalojazwa kila jioni lina thamani kuliko mkataba mzuri uliofungiwa droo ya tajiri.

Hesabu ya mshahara

Siku ya hesabu chukua mshahara wa 234,000 kwa mwezi. Nimeuchagua makusudi. Kwa siku 26 ni 9,000 kila siku, na kwa kanuni iliyo katika jedwali la sheria, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45 kupata saa moja. Unapata 1,200, na hesabu zinazofuata zinakaa sawasawa ubaoni.

Saa 45 kwa wiki ndio ukomo wa kawaida, siku zisizidi sita, na saa tisa kwa siku. Mapumziko ni saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa za ziada ni za makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu: hapa ni 1,800. Ukifanya kazi sikukuu ya taifa, kila saa inalipwa mara mbili: 2,400. Anayefanya kazi usiku, akiwa na umri unaoruhusiwa, anaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa: shilingi 60.

Waulize waliofanya kazi mgahawani walikuwa wanaingia saa ngapi. Watakuambia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Waache wahesabu wenyewe: saa 14. Sheria haikubali zaidi ya 12 kwa siku, hata ukijumlisha za ziada. Hakuna maelezo yangu yanayofika moyoni kama pale kijana anapogundua kwa kalamu yake kiasi alichofanyisha mwili wake bure.

Halafu gawa hati ya mshahara ya mfano yenye makosa matatu na uwaache wayatafute wawili wawili. Yangu ina saa 14 za ziada zilizolipwa 1,200 badala ya 1,800, kwa hiyo 16,800 badala ya 25,200. Ina makato ya "WCF". Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Na ina mstari ulioandikwa "hasara ya glasi 90,000" bila maelezo. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yapo na ni halali, na mwajiri naye anatakiwa kuchangia sehemu yake. Wanafunzi wengi hulikurupukia hilo kama kosa la nne. Waeleze kwamba ndiyo akiba yao, na wafundishe kuuliza namba yao ya uanachama, maana wapo wanaokatwa na fedha haifiki.

Ule mstari wa hasara ndio uliomrudisha binti yule Februari, kwa hiyo naueleza polepole. Mwajiri hawezi kukata hasara kwa kutaka tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Amweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Ampe nafasi ya kupinga. Makato yasizidi hasara halisi. Na jumla yake isizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya 234,000 ni 58,500. Kuzuia mshahara wote hakumo popote humo.

Nasisitiza jambo moja. Kiasi hicho cha 234,000 ni cha kufundishia hesabu, si kima cha chini. Kima cha chini kinatangazwa na Serikali kwa Amri ya Mishahara, kinatofautiana kwa sekta na kinabadilika. Usikiandike ubaoni kwa kumbukumbu za kichwa. Tafuta Amri inayotumika mwaka huo, wape watoto, kila mmoja atafute sekta yake kwa kidole: biashara, hoteli, kilimo, kazi za nyumbani. Wakijua kuitafuta wataitafuta tena wakiwa na miaka 30.

Wajibu, kwa uzito ule ule

Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia nawafundisha watoto ukaidi. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwalika darasani mama mmoja mwenye mgahawa, nikamwomba aseme kinachomuumiza kwa vijana. Alisema taratibu, bila kuwatukana. Kijana anakuja saa 3 na kutoa salamu kama hakuna kilichotokea. Anashika simu mteja akisubiri. Na matokeo yakitoka, au posti za Kidato cha Tano, anatoweka. "Asubuhi nafungua, hayupo. Simu haipokei. Nimepika chakula cha watu 60, nihudumie na nani?"

Darasa liliinamisha vichwa. Baadhi yao walikuwa na kaka zao waliofanya hivyo hivyo.

Tangu hapo nafundisha wajibu kupitia notisi, yaani taarifa ya mapema ya kuacha au kuachisha kazi, kwa sababu notisi inawabana wote wawili kwa kipimo kimoja. Mwezi wa kwanza ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri anayekufukuza ghafla anadaiwa notisi, na wewe unayekataa kufanya kazi siku za notisi anaweza kukukata kiasi hicho kwenye fedha zako za mwisho. Kila mwanafunzi anaandika barua ya kuaga yenye tarehe na shukrani. Ukiondoka una haki ya kupewa hati ya utumishi, na karatasi hiyo ndiyo itakayokufungulia mlango unaofuata.

Wajibu mwingine naupitia kwa mifano ya makosa ambayo Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinayahesabu kuwa mazito kiasi cha kumwachisha mtu kazi: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumpiga mwenzako au mteja, ukaidi mkubwa. Wanafunzi wenyewe wanatoa mifano, na siwasaidii. Wanaijua.

Kwa wanaoshika fedha kuna zoezi ambalo ningelirudia kila mwaka hata kama ningebakiwa na kipindi kimoja. Weka sarafu na noti za karatasi mezani. Asubuhi tajiri na mfanyakazi wanahesabu floti pamoja, wanaandika kiasi, wote wanasaini. Jioni vivyo hivyo. Dakika tano tu. Zoezi hilo ni wajibu na ni haki kwa wakati mmoja. Linamlinda tajiri dhidi ya mwizi, na linamlinda mtoto dhidi ya tuhuma. Binti yangu wa Februari angekuwa na saini mbili za asubuhi ile, mazungumzo yangekuwa mengine.

Usalama nao una pande mbili: mwajiri atoe vifaa kinga, mfanyakazi avivae na aseme akiona hatari. Akiumia, amtaarifu mwajiri siku ile ile na aandike. Madai ya fidia yapo WCF hata kama umeanza kazi wiki iliyopita.

Jambo la kuzungumza kwa faragha

Rushwa ya ngono siifundishi mbele ya darasa zima. Wasichana hukaa na mwalimu wao mlezi, wavulana na mwalimu wa kiume wanayemheshimu, maana na wao huwapata. Tunawaambia kwamba msimamizi anayetaka mwili wako ili akupe kazi, zamu nzuri au mshahara wako mwenyewe ametenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa simu ya bure 113. Unyanyasaji wa kijinsia kazini ni ubaguzi pia chini ya sheria ya kazi. Lakini kabla ya namba yoyote, kila mtoto ataje kimoyomoyo mtu mzima mmoja atakayemwambia siku hiyo hiyo. Wapo wanaokosa hata mmoja. Hao mwalimu baki nao.

Pa kwenda, na hadi lini

Waambie ukweli wote, hata usiopendeza. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Likizo yenye malipo, ya mwaka au ya ugonjwa, nayo kwa kawaida haianzi kabla ya miezi sita. Kwa kijana wa Novemba hadi Mei hilo ni zito, na akilisikia kwa mara ya kwanza mbele ya msuluhishi atakata tamaa. Lakini mshahara wa siku alizofanya, saa za ziada, mapumziko, notisi na makato halali vinamlinda tangu siku ya kwanza.

Hatua ni hizi. Kwanza kuzungumza na mwajiri, ikiwezekana na mzazi au mjumbe akiwepo. Mengi yanaishia hapo. Kama pana chama cha wafanyakazi, kama TUICO kwa viwanda na biashara au CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, aende kwa mwakilishi wao. Afisa Kazi wa mkoa anaweza kukagua na kuelekeza. Mgogoro unaobaki unapelekwa CMA kwa Fomu Na. 1: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine kama mishahara. Wanaanza na usuluhishi, na huhitaji wakili ili uingie mlangoni.

Siku 60 zinapita upesi kwa kijana anayeambiwa "njoo wiki ijayo". Kwa hiyo tunachukua kalenda, tunaweka alama siku ya tukio na kuhesabu mbele. Kisha wanajaza fomu kwa kisa cha mfano, na hapo ndipo wanapogundua kwamba fomu inauliza jina kamili la mwajiri na anuani yake. Wengi husimama na kalamu hewani.

Siku ya mwisho nagawa madaftari. Ukurasa wa kwanza una mistari minne: jina kamili la mwajiri, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, malipo tuliyokubaliana. Kuanzia ukurasa wa pili ni tarehe, kuingia, kutoka, nilicholipwa. Nawaomba walete daftari wakija kunisalimu.

Kijana mmoja wa saluni aliniletea lake mwezi Machi, limelowa mafuta ya nywele pembeni. Nilifungua katikati. "Januari 12, Mapinduzi. Saa 1:30 hadi saa 10. Nimelipwa 9,000. Nimemwomba kaka tuongee kuhusu sikukuu." Mistari mitatu chini: "Januari 15. Kaka amenipa 9,000 nyingine. Nimemshukuru. Tumesaini." Nikarudi ukurasa wa kwanza. Jina la kaka lilikuwepo, yote matatu, kwa mwandiko wa kaka mwenyewe.